Nia Kabla ya Usingizi: Ibada za Kulala, Ndoto Tambuzi na Dhana ya Ushirikina Kilakala, Morogoro

Ndoto tambuzi ni ndoto ambayo mwotaji hutambua, angali usingizini, kwamba anaota. Istilahi hiyo ilienea kutokana na makala ya Frederik van Eeden wa Uholanzi ya mwaka 1913. Mwaka 1975, nchini Uingereza, Keith Hearne alinasa katika maabara miondoko ya macho ambayo mwotaji alikubali kabla ya kulala kuifanya akiwa ndotoni. Baadaye Stephen LaBerge, nchini Marekani, alifundisha mbinu ambayo msingi wake ni nia: mtu anapolala hujikumbusha tena na tena kwamba atatambua anapoota. Mbinu hiyo huitwa sayansi, ilhali desturi za Kiafrika za kuandaa ndoto zimezoeleka kuitwa ushirikina. Makala haya yanahoji mgawanyo huo kwa kuitazama Kilakala, kata ya Manispaa ya Morogoro iliyo chini ya Milima ya Uluguru, ambako mapokeo matatu ya usiku yamekutana.

Pokeo la kwanza ni la Waluguru, ambao hufuata ukoo wa mama. Marehemu anapomjia mtu ndotoni, jambo hilo haliishii kwa mwotaji. Hupelekwa kwa wazee wa ukoo, nao hupima kama mizimu inadai tambiko. Kwa hiyo ndoto ni ushahidi unaojadiliwa hadharani, wala si siri ya mtu mmoja.

Pokeo la pili ni la Kiislamu, lililopanda kutoka pwani kwa njia ya misafara iliyopita Simbamwene, mji wa Kisabengo ambao Stanley aliuona mwaka 1871. Muislamu hufundishwa kutawadha kabla ya kulala, kulalia ubavu wa kulia na kusoma Ayatul Kursi. Akiota ndoto mbaya, hujikinga kwa Mwenyezi Mungu, hutema mate kidogo kushotoni mara tatu, kisha hugeukia ubavu mwingine. Mwenye shaka katika jambo huswali rakaa mbili za istikhara. Hadithi inayofundisha dua hiyo haitaji ndoto. Hata hivyo, katika desturi wengi hulala wakingoja jibu usingizini.

Pokeo la tatu lililetwa na mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliofungua misheni Morogoro katika miaka ya 1880 wakitokea Bagamoyo. Sala ya mwisho ya siku katika liturujia ya Kilatini ilikuwa na utenzi unaoomba ndoto na mizuka ya usiku ifukuzwe. Hivyo, Kanisa lililokemea hofu ya mizimu lilikuwa na kinga yake lenyewe ya usiku. Baadaye masista wa Maryknoll waliendesha Kilakala shule ya bweni ya wasichana iliyoitwa Marian College. Baada ya serikali kuitwaa, wasichana wa dini mbalimbali walilala chini ya paa moja.

Ibada hizi hazikukusudiwa kuzaa ndoto tambuzi. Hata hivyo, istikhara na mbinu ya LaBerge zinashiriki mhimili mmoja: nia inayowekwa kabla ya usingizi ili ifanye kazi ndani yake. Tofauti iko katika mamlaka. Mwanafunzi wa LaBerge hutaka kuitawala ndoto yake. Mwenye kuswali istikhara hukabidhi uamuzi kwa Mungu. Mluguru huukabidhi kwa ukoo.

Neno ushirikina linaficha tofauti hiyo. Asili yake ni shirki, yaani kumshirikisha Mungu na kingine, nayo ni hukumu ya kiitikadi. Lilipohamia katika lugha ya shule na ya ofisi, likawa jina la desturi yoyote isiyopendwa. Mwanahistoria anayelipokea bila kulihoji hupoteza ushahidi, kwa kuwa tambiko lililoanza na ndoto huonekana kama tendo lisilo na sababu. Kwa hiyo, swali linalofaa kuulizwa kuhusu ibada ya kulala ni hili: ni nani aliyepewa haki ya kuamua maana ya kilichoonekana usiku?