Gari Linachemshia Wapi?

Dereva akileta gari linalochemsha, mafundi wa rika langu hapa Iringa tulikuwa na swali moja kabla hatujagusa spana: linachemshia wapi? Vijana wa gereji za leo huliona swali la kizee. Sisi tulilirithi kwa waliotutangulia, nao walifundishwa na mlima wa Kitonga.

Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao, njia ya Zambia kuelekea kusini ikaingia mashakani. Mafuta ya kuendesha migodi ya shaba yakawa yanatafutwa Dar es Salaam, na barabara ya kuyafikisha ilikuwa ya vumbi na tope. Mwaka 1966 ikaundwa kampuni ya malori ya Zambia na Tanzania, ikaleta Fiat na matrela yake. Bomba la TAZAMA lilianza kusukuma mafuta mwaka 1968, lakini malori hayakupungua: shaba ilikuwa inateremka, bidhaa zinapanda. Lami ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970, reli ya TAZARA ikafuata katikati ya muongo huo. Katika miaka yote hiyo, aliyetoka pwani akielekea Mbeya alivuka Ruaha pale Mbuyuni, akaenda kidogo, kisha akaikuta Kitonga imesimama mbele yake.

Kwa injini, mlima ule ni mtihani mgumu. Gari limebeba mzigo, lipo gia ya kwanza au ya pili, injini inafanya kazi yote iliyo nayo, na mwendo ni mdogo kiasi kwamba upepo wa kupoza rejeta haupo. Feni ndiyo tegemeo pekee. Tena chini kule ni bonde lenye joto kali, kwa hiyo gari linaanza kupanda likiwa tayari limechoka.

Kuna jambo jingine ambalo wazee walilijua kwa macho kabla ya kulisoma kitabuni. Maji ya Dar es Salaam yanachemka kwenye nyuzi 100. Iringa ipo mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji ya sufuria hapa huchemka karibu na nyuzi 95. Mfuniko wa rejeta wenye springi nzima hubana mvuke, ukapandisha kiwango hicho kupita nyuzi 110 hata huku milimani. Springi ikilegea au mpira wake ukipasuka, rejeta inageuka sufuria. Gari lilizunguka Kariakoo mwaka mzima bila tatizo, likifika juu kuelekea Ilula linatoa mvuke, na dereva anaapa kwamba injini imekufa. Fundi aliyejua kazi alianza na mfuniko, kitu cha bei ndogo kuliko vyote.

Ndipo likazaliwa swali la wapi. Gari likichemsha mjini kwenye foleni na kupoa likiondoka, tulitazama feni na mkanda wake. Likichemsha mlimani tu, rejeta imeziba au taimingi imechelewa, moto unawaka muda ambao ulitakiwa uwe umekwisha. Likichemsha tambarare kwa mwendo mkali, kwenye ule mnyooko wa Mikumi, tulishuku mpira wa chini wa rejeta. Mpira mzee hunywea pampu inapovuta kwa nguvu, maji yakakosa njia. Ukizima injini unarudia umbo lake, unaukagua unauona mzima. Ilibidi mmoja akanyage mafuta na mwingine ainame chini ya boneti auone unavyojibana.

Rejeta iliyoziba tuliitafuta kwa mgongo wa kiganja. Injini ikishapata moto unaizima, unapitisha mkono taratibu juu ya matundu, safu kwa safu. Palipo baridi hapapiti maji. Utingo walijaza rejeta kwa maji ya mto, ya kisima, ya dimbwi, yoyote yaliyopatikana, na chumvi na tope vikajenga magamba ndani ya mirija. Dawa ilikuwa kwa fundi rejeta. Huyo aliyeyusha lehemu, akafungua tangi la juu, akapitisha kijiti cha bati ngumu katika kila mrija, kisha akalirudisha tangi mahali pake. Shaba nyekundu na shaba ya njano zilikubali kufunguliwa na kufungwa mara nyingi, na ufundi huo ulilisha familia nyingi.

Upande wa magari madogo, mwalimu wetu alikuwa Peugeot 404. Bert Shankland wa Dar es Salaam alishinda nalo mbio za East African Safari mwaka 1966, akarudia 1967, na baada ya hapo kila mwenye uwezo alilitaka. Lilikuja na mambo mawili mageni kwetu. La kwanza ni feni inayoshikwa na sumaku ya umeme: injini ikiwa baridi feni inaelea tu, joto likifika kiwango chake swichi inapitisha umeme, sumaku inaibana feni na puli. Umeme huo ulipita kwenye kijibrashi cha kaboni kilichogusa puli, nacho kiliisha kwa vumbi. Tulikuwa tunawasha swichi ya gari bila kuwasha injini, tunaunganisha nyaya mbili za swichi ya joto, tunategea sikio. Ikilia "tak", sumaku ni nzima. Ikinyamaza, brashi imekwisha, na kama spea haipo unakaza skrubu za feni izunguke na puli moja kwa moja, safari inaendelea.

Jambo la pili lilikuwa hedi ya aluminiamu. Land Rover za wakati ule na malori ya Bedford yalikuwa na hedi za chuma, yakichemsha unapumzika kivulini, unaongeza maji, unaondoka. Hedi ya aluminiamu ikipata moto kupita kiasi inapinda, gasketi inapitisha. Hapo tulijifunza kipimo ambacho hadi leo nakiamini kuliko vyote. Injini iwe baridi. Unafungua mkanda wa feni ili pampu isizunguke, unajaza rejeta hadi mdomoni, unawasha na kukanyaga kidogo. Maji hayajapata muda wa kuchemka, kwa hiyo povu likitokea mfululizo ni moshi wa silinda uliopenya kwenye maji. Unazima upesi, maana bila pampu hakuna usalama. Kisha unatoa plagi: ile ya silinda inayovuja huwa safi kama imeoshwa, wenzake weusi. Baada ya hapo ndipo unashusha hedi na kuiwekea rula.

Mambo yaliharibika mwishoni mwa miaka ya 1970. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda, ikaja vita ya Kagera ya 1978 na 1979, fedha za kigeni zikakauka, na spea zikawa za kutafutwa kwa kujuana. Gasketi kuukuu ilipakwa rangi ya fedha ikarudishwa. Mrija wa rejeta uliotoboka ulibanwa kwa plaizi. Na thamostati ikigoma kufunguka, ilitolewa ikatupwa, kwa kuwa hapakuwa na nyingine. Nchi ina joto, tukaambiana, haihitajiki. Kwa injini nyingi za zamani hilo lilivumilika: zilichelewa kupata moto, zikala mafuta zaidi, zikaenda. Bajeti ya 1984 iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao, spea zilirudi madukani. Thamostati hazikurudi kwenye injini, kwani tayari ilikuwa desturi, na kizazi kilichofundishwa wakati wa uhaba kiliufundisha uhaba huo kama kanuni ya ufundi.

Miaka ya 1990 magari yaliyotumika Japani yakaja kwa wingi, na desturi ile ikaanza kuua. Katika injini nyingi za Toyota thamostati ina kazi mbili: inapofungua njia ya kwenda rejeta, inaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiitoa, mkato unabaki wazi, sehemu ya maji ya moto haifiki kwenye rejeta kabisa, na gari linachemsha mlimani. Fundi anabadilisha rejeta, pampu, mwisho anashusha hedi, kumbe chanzo ni tundu aliloliacha mwenyewe. Kuipima ni kazi ya dakika chache: sufuria, maji, kipimajoto. Ianze kufunguka kwenye nyuzi 82 au kama ilivyoandikwa pembeni yake.

Siku hizi rejeta zina matangi ya plastiki, lehemu haishiki, na mafundi rejeta wengi wamegeukia kuuza mpya. Mashine ya kusoma kompyuta ya gari nayo ni msaada, inakupa joto kwa tarakimu. Haikuambii kwamba mteja anakwenda Makambako kila wiki na gari linachemka akirudi na mzigo. Hilo lazima liulizwe kwa mdomo. Ukikutana na fundi anayetaka kutoa thamostati yako kabla hajakuuliza gari linachemshia wapi, funga boneti, mshukuru, nenda kwa mwingine.