Salmonella Dublin

Salmonella Dublin ni aina ya bakteria wa jenasi Salmonella iliyozoea hasa kuishi ndani ya ng'ombe. Jina lake linatokana na mji wa Dublin nchini Ireland. Binadamu huambukizwa kwa kunywa maziwa mabichi, kula nyama isiyoiva vizuri au kugusana na mifugo yenye bakteria hao. Wanaougua ni wachache kuliko wale wa aina nyingine za Salmonella, lakini ugonjwa huwa mkali zaidi kwa sababu mara nyingi bakteria huingia katika damu.

Kwa ng'ombe

Ndama ndio wanaoathirika zaidi, hasa wenye umri wa kati ya wiki 2 na miezi 3. Wengi hupata homa na nimonia, wengine huharisha. Ng'ombe wenye mimba wanaweza kuitupa.

Baadhi ya ng'ombe waliopona hubaki wabebaji. Huonekana wazima, lakini hutoa bakteria mara kwa mara katika kinyesi na maziwa. Hivyo ng'ombe mmoja aliyenunuliwa bila kupimwa anaweza kuambukiza zizi zima.

Kwa binadamu

Walio hatarini zaidi ni wazee na watu wenye kinga dhaifu ya mwili. Katika jimbo la California, Marekani, wagonjwa wengi wa miaka ya 1970 walihusishwa na unywaji wa maziwa mabichi. Mwaka 2019 mlipuko nchini humo ulihusishwa na nyama ya ng'ombe ya kusaga.

Usugu dhidi ya antibiotiki

Nchini Marekani aina nyingi za bakteria hawa zimekuwa sugu kwa dawa kadhaa kwa pamoja, zikiwemo ampisilini na tetrasaiklini. Jeni za usugu mara nyingi hubebwa na plasmidi, yaani vipande vya DNA vinavyoweza kuhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. Kwa kuwa jeni kadhaa hukaa kwenye plasmidi moja, kutumia dawa moja kunaweza kueneza usugu kwa dawa nyingine pia.

Seftiofuri, inayotumika kutibu ng'ombe, ni ya kundi moja na seftriaksoni, dawa muhimu kwa binadamu mwenye Salmonella katika damu. Bakteria aliyezoea ya kwanza kwa kawaida huishinda na ya pili. Kwa sababu hiyo, mwaka 2012 Marekani ilipiga marufuku baadhi ya matumizi ya dawa za kundi hilo kwa mifugo nje ya maelekezo yaliyoidhinishwa.

Kuzuia

Denmark ilianza mwaka 2002 mpango wa kitaifa wa kufuatilia bakteria hawa. Maziwa ya tangi la kila shamba hupimwa kutafuta kingamwili, na mashamba hupangwa katika madaraja kulingana na uwezekano wa maambukizi.

Shambani, hatua muhimu ni kutenga sehemu ya kuzalia na ya wagonjwa, kuwapa ndama dang'a ya kutosha mapema, kusafisha vyombo vya kunyweshea na kupima ng'ombe wapya. Antibiotiki hutolewa kwa ushauri wa daktari wa mifugo.

Kwa mlaji, kuchemsha maziwa huua bakteria hawa, wawe sugu au la. Kiwandani maziwa hupashwa joto la nyuzi 72 za Selsiasi kwa sekunde 15, au nyuzi 63 kwa dakika 30.