Ngozi ya Kivulini

Mjadala wa krimu za kung'arisha ngozi ukianza tu, lazima atokee mtu wa kusema: haya yote tuliletewa na Wazungu. Nimeyasikia maneno hayo chumba cha habari, nimeyasikia kijiweni, na kwa sehemu kubwa ya dunia yana ukweli wake. Lakini ukiyapeleka Asia ya Mashariki yanagonga ukuta. Huko watu walijipaka weupe karne nyingi kabla hawajamtia machoni Mzungu hata mmoja.

Hebu tuanze na Japani. Nihon Shoki, kitabu cha kale cha historia ya nchi hiyo, kinaeleza kwamba mwaka 692 mtawa mmoja wa Kibuddha alimtengenezea Malkia Jitō poda nyeupe ya risasi, naye akatunukiwa zawadi. Risasi hapa si ya bunduki, ni ile metali nzito yenye sumu. Wareno wa kwanza walifika Japani mwaka 1543. Fanya hesabu mwenyewe: zaidi ya miaka 800 baadaye.

Katika zama za Heian, kuanzia 794 hadi 1185, mabibi wa ikulu walipaka poda usoni, wakang'oa nyusi na kuchora nyingine juu kabisa kwenye paji la uso, kisha wakayatia meno rangi nyeusi. Sasa niambie, meno meusi waliiga kwa Mzungu gani? Mtu waliyetaka kutofautiana naye alikuwa wa nchi yao wenyewe: mkulima aliyeinama kwenye jaruba la mpunga tangu alfajiri, jua likimuunguza mgongo. Ngozi nyeupe ilikuwa kama cheti. Ilisema: huyu anakaa kivulini, wapo wengine wa kumfanyia kazi. Wachina wana msemo kwamba weupe mmoja hufunika ubaya wa aina tatu. Wajapani wakapandisha dau. Kwao weupe hufunika kasoro saba.

Cheti hicho kilidai malipo. Mwaka 1887 mwigizaji maarufu wa kabuki, Nakamura Fukusuke, alitetemeka jukwaani akicheza mbele ya Kaizari Meiji. Ikaja kubainika kuwa ni sumu ya risasi, iliyomwingia mwilini kwa miaka ya kujipaka poda ya kazi yake.

Je, Wazungu hawakufanya chochote? Walifanya. Walibadilisha kipimo. Mwaka 1933 mwandishi Tanizaki Jun'ichirō alianza kuchapisha insha yake ya kusifu vivuli. Humo anawaza juu ya nyuso nyeupe za wanawake wa zamani ndani ya nyumba zenye mwanga hafifu. Halafu anaiweka ngozi ya Mjapani kando ya ya Mzungu, na anaiona ya kwao, hata iwe nyeupe vipi, ina kiwingu ndani yake. Sehemu hiyo huniuma kila ninapoisoma. Weupe uliokuwa ukipimwa kwa kumtazama mkulima sasa unapimwa kwa kumtazama mgeni, na hapo hata bibi wa ikulu anashindwa.

India nako hadithi ina mkunjo wake. Krishna, mmoja wa miungu wanaopendwa sana na Wahindu, jina lake maana yake ni mweusi. Draupadi wa Mahabharata naye ni mwanamke mweusi, na wafalme wanakusanyika kushindana ili wamwoe. Kwa hiyo uzuri mweusi umo ndani ya maandiko yenyewe. Lakini matabaka, kazi za juani na utawala wa Waingereza vilikuja kulundikana juu yake, na mwaka 1975 kampuni ya Hindustan Lever ikaingiza sokoni krimu ya Fair & Lovely. Matangazo yake yalijulikana: binti mweusi hapati kazi, hapati mchumba, anapaka, anang'aa, mambo yanamnyookea. Yaani, kile kilichokuwa alama ya kuzaliwa katika ukoo mzuri kikawa kitu cha dukani. Naamini nguvu ya krimu ile ilikuwa hapo. Ilimwambia binti wa mkulima kwamba kivuli nacho kinauzwa, tena ndani ya tyubu.

Mwaka 2020, baada ya maandamano ya kupinga ubaguzi yaliyoanzia Marekani, krimu hiyo ikaitwa Glow & Lovely, na tovuti ya wachumba ya Shaadi.com ikaondoa sehemu ya kuchagua mtu kwa rangi ya ngozi. Jina lilibadilika. Krimu ipo dukani.

Nayaandika haya kwa sababu huku kwetu nasi tuna mkorogo, na zebaki yake inaharibu figo za watu. Ni sawa kuudai ukoloni majibu. Ila Japani ya mwaka 692 inatuonyesha kwamba mtu anaweza kujipaka sumu bila mkoloni, mradi tu jamii yake imeshaamua kuwa anayefanya kazi juani ni mtu wa chini. Serikali ikipiga marufuku zebaki, nitaandika habari hiyo kwa furaha. Lakini yule shangazi anayemsifia bwana harusi kwamba "kapata mweupe", yeye hajasoma tangazo lolote la India wala kitabu cha mkoloni. Huyo ni wetu, na kuongea naye ni kazi yetu.