Mfanano wa Maneno na Udugu wa Lugha

Neno la Kihispania "haber" na la Kiingereza "have" hukaribiana kwa sura na kwa maana yao ya kale, yaani "kuwa na kitu". Hata hivyo, maneno haya si ndugu. La kwanza latokana na Kilatini "habere"; la pili limerithiwa kutoka jamii ya lugha za Kijerumani.

Ushahidi umo katika kanuni ya mabadiliko ya sauti iliyoelezwa na Jacob Grimm mwaka 1822, baada ya utafiti wa Rasmus Rask uliochapishwa mwaka 1818. Mwanzoni mwa neno, /p/ ya Kilatini hulingana na /f/ katika maneno ya asili ya Kiingereza, na /k/ hulingana na /h/. Ndiyo sababu "padre" huambatana na "father", na "corazón" na "heart".

Kwa kanuni iyo hiyo, /h/ ya "have" hudai /k/ upande wa Kilatini. Sauti hiyo imo katika "capere", yaani "kushika", kitenzi kilichozaa "caber" ya Kihispania, yenye maana ya "kuenea ndani ya kitu". Basi ndugu halisi wa "have" ni "caber".

Mwanaisimu ategemeaye sura ya nje peke yake huunga udugu usiokuwapo na kuukana uliopo.