Lakabu Si Jina Bandia

Kijitabu kimoja cha usalama wa mtandaoni, kilichopigwa chapa vizuri na kugawiwa bure, kinamshauri msomaji ajiundie "utambulisho bandia" ili kulinda faragha yake: mmoja wa kazini, mmoja wa burudani, mmoja wa kuulizia mambo ya afya ambayo asingependa shemeji zake wayajue. Ushauri ni wa maana. Kiswahili chake ndicho kinachotia mashaka, kwa sababu kinamwambia mtu mwadilifu kwamba njia ya kujistiri ni kughushi.

Wasomaji wa ukurasa huu hawahitaji kufundishwa jambo lenyewe. Kuwa na jina moja kwa mwajiri na jingine kwa wapenzi wenzako wa ushairi, na kuhakikisha kwamba anayekujua kwa hili hakujui kwa lile, ni desturi ya wengi wao. Kinachogombewa ni jina la desturi hiyo. Mwandishi wa makala haya anashikilia lakabu, amelishikilia kwa muda mrefu, na hajasikia hoja ya kumbandua.

Bandia lenyewe ni neno la heshima zake. Wazee walilitumia kwa mtoto wa kuchezea, yule wa matambara ambaye pia huitwa mwanasesere. Likapanda cheo likawa sifa ya chochote kilichotengenezwa kishike nafasi ya cha asili: meno bandia, mguu bandia, maua bandia. Hadi hapo, heri. Lakini soko na mahakama zimelinyakua: noti bandia, dawa bandia, risiti bandia, mbegu bandia. Nchi kama Tanzania, ambayo Aprili 2017 ilitangaziwa kwamba watumishi 9,932 wa umma walikuwa na vyeti vya kughushi haiwezi kulisikia neno hilo kwa sikio la mtoto anayecheza na mwanasesere wake.

Watetezi wa "jina bandia" hujibu kwamba meno bandia hayamdanganyi mtu. Ni kweli, ila huvaliwa na aliyeng'oka ya kwake. Mwenye lakabu hajang'oka jina. Alilopewa na wazazi bado analo, liko kwenye kitambulisho chake cha taifa, na kesho atalitia saini benki. Alichofanya ni kuchagua wapi alitumie na wapi alipumzishe.

Sheria nayo imekwisha kuutenga uhalifu na usiri, ingawa kamati zetu za istilahi hazijaona. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015, kifungu cha 15, inakataza mtu kujifanya mtu mwingine kwa kutumia mfumo wa kompyuta. Anayefungua akaunti kwa jina na picha ya jirani yake ili akope fedha za watu huyo ana utambulisho bandia, na pingu zinamstahili. Anayejiita Chozi la Mnyonge ili alalamikie maji ya mtaani kwake hajajifanya mtu yeyote, maana hakuna Chozi la Mnyonge mwingine wa kuibiwa jina. Kuwaita wawili hao kwa neno moja ni kumpa askari kazi ambayo bunge halikumpa. Na tangu Tanzania ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama mwaka 2021, istilahi ya kizembe inaweza kumpeleka mtu kizimbani.

Kosa lilianzia kwenye Kigiriki. Neno la Kiingereza pseudonym limeundwa kwa pseudos, yaani uongo, na onoma, yaani jina. Wanakamati wakafungua kamusi, wakaona "uongo" upande huu na "jina" upande ule, wakaziunga sehemu hizo kwa gundi na kwenda kunywa chai. Kwa mtindo huo kiboko angeitwa farasi wa mtoni, kwa kuwa ndivyo Wagiriki walivyomwita. Bahati njema Waswahili walimwona mnyama mwenyewe kabla ya kuiona kamusi.

Lakabu ilikuwepo mlangoni muda wote huo. Katika utaratibu wa majina ya Kiarabu kuna ism, jina la kuzaliwa. Kunya, la kuitwa baba au mama wa fulani. Nasab, la ukoo. Nisba, la mji au kabila. Kisha laqab, jina la sifa linalokuja juu ya hayo yote. Mfalme ambaye Ulaya ilimwogopa kwa jina la Saladin aliitwa Yusuf, mwana wa Ayyub. Salah al-Din ilikuwa lakabu yake, nayo ndiyo iliyobaki katika tarehe. Harun naye alijulikana kwa lakabu ya al-Rashid. Hakuna mwanahistoria aliyewahi kuandika kwamba mabwana hao walitumia majina bandia. Hata Kurani, katika Sura ya Al-Hujurat aya ya 11, inakataza watu kuitana kwa lakabu mbaya. Lakabu yenyewe haikukatazwa.

Pwani ililipokea neno na kulifanya lake. Mwimbaji aliyezaliwa Fumba, Unguja, akiitwa Mtumwa, ndiye aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri akiwa Siti binti Saad, na jina la pili likalifuta la kwanza pamoja na unyonge wake. Washairi nao hawakubaki nyuma. Akilimali alijiita Snow-White. Amiri Andanenga alikuwa Sauti ya Kiza, lakabu ambayo mtu wa faragha angeionea wivu. Kurasa za mashairi magazetini zimejaa malenga wanaofahamiana kwa lakabu, wakajibizana miaka na miaka bila kuonana uso kwa uso.

Hapa wapinzani huinua kidole mara mbili. Kwanza, wanasema, lakabu hutolewa na watu wengine: ndivyo mwanafunzi wa fasihi nchini Kenya anavyofundishwa, kwamba ni jina analopachikwa mhusika kutokana na tabia au sura yake. Pili, mshairi wa gazetini huiweka lakabu kando ya jina lake halisi na mji wake, kwa hiyo inampamba na haimfichi. Hoja hizi zina uzito, na mwandishi huyu hawezi kuzipita kwa kukohoa.

Jibu la ya kwanza ni hao washairi wenyewe, waliojibatiza bila kungoja kupachikwa. Jibu la ya pili ni neno faragha lenyewe. Kwa Mwarabu, faragh ni utupu, nafasi, muda usio na shughuli. Waswahili wakaisogeza hadi chumbani kwa watu wawili wanaoteta, wanasheria wakaisogeza tena hadi kwenye simu na takwimu, na leo hakuna anayedai kwamba haki ya faragha ni haki ya kukaa bure. Neno lililo hai husogea likisukumwa na haja. Lililokufa huhitaji semina. Waliotuletea ngamizi badala ya kompyuta wanalijua hilo, kama bado wanalikumbuka ngamizi lenyewe, huku kila fundi wa Kariakoo akitengeneza kompyuta.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kupeleka karatasi ya kurasa chache mbele ya jopo moja la istilahi, akieleza haya yote kwa adabu. Ikajibiwa kwamba lakabu "linanuka pwani". Kura ikapigwa kabla ya chakula cha mchana na bandia likashinda. Pua zilizonusa pwani ndani ya lakabu hazikuinusa ndani ya faragha, wala sheria, wala hati, wala katibu aliyekuwa akiandika kumbukumbu za kikao.

Jopo hilo hilo, au jamaa yake wa karibu, limekwisha kutoa zao lake la pili. Sheria za ulinzi wa data huzungumzia tendo la kuondoa jina la mtu katika kumbukumbu na kuweka alama badala yake, huku ufunguo wa kurudisha jina ukihifadhiwa mahali pengine. Kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018 inalifafanua tendo hilo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inalifafanua pia. Wafuasi wa bandia wanataka kumbukumbu za namna hiyo ziitwe taarifa bandia. Hebu daktari wa hospitali ya wilaya amwambie mkuu wake kwamba ametuma wizarani taarifa bandia za wagonjwa wa kifua kikuu, uone kama atamaliza mwezi. Kwa lakabu mambo hunyooka: Kiswahili kina kitenzi kulakabiwa, kupewa lakabu, na kutoka hapo hadi kulakabisha ni hatua moja. Taarifa zilizolakabishwa ni taarifa za kweli zenye majina mengine.

Lakabu pia inatuokoa na mchanganyiko wa usiri na ukosefu wa jina. Barua isiyo na jina haina mwenyewe. Ikija ya pili, hujui kama mkono ni ule ule. Lakabu hudumu. Mmarekani David Chaum, katika makala yake ya mwaka 1981 kuhusu barua za kielektroniki zisizofuatilika, alionyesha jinsi lakabu ya kidijitali inavyoweza kutia saini bila mwenyewe kujulikana. Satoshi Nakamoto naye alitumia lakabu mwaka 2008 alipotangaza mpango wa sarafu ya kidijitali ya Bitcoin: hadi leo lakabu inajulikana duniani kote na mtu wake hajulikani.

Kwa upande mwingine, lakabu isiyoangaliwa huvuja. Mwaka 2006 kampuni ya AOL ilianika mambo waliyotafuta mtandaoni wateja wake wapatao 650,000, majina yakiwa yamebadilishwa kuwa namba. Waandishi wa gazeti la New York Times walimfikia mmoja wao kwa kusoma tu alichokuwa akikitafuta.

Kwetu, uzito wa jambo hili ulipimwa mahakamani. Desemba 2016 polisi wa Tanzania walimkamata Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums, ambako maelfu ya watu walikuwa wakijadili siasa na ufisadi kwa lakabu. Dola ilitaka kujua nani yuko nyuma ya lakabu fulani, naye Melo hakusema. Kesi zilivutwa miaka, na Aprili 2020 akatiwa hatiani katika mojawapo. Yaliyokuwa yakitafutwa ni majina ya watu halisi walioandika mambo waliyoyajua. Magazeti yaliyoripoti kwamba wanachama wa jukwaa hilo "wanatumia majina feki" yaliwahukumu kabla ya hakimu.

Linabaki suala la wingi, yaani mtu mmoja kuwa na lakabu kadhaa na kuziweka mbalimbali. Kwa hilo umependekezwa msemo "nafsi nyingi", ambao ukitamkwa mbele ya bibi yeyote wa Tanga ataagiza ubani na mganga. Nafsi ni moja. Majina ndiyo mengi. Mshairi Mreno Fernando Pessoa, aliyefariki mwaka 1935, aliandika kwa lakabu nyingi, zikiwemo Alberto Caeiro, Ricardo Reis na Álvaro de Campos, kila moja na maisha yake, falsafa yake na mtindo wake, na bado aliyekuwa akilipa kodi ya chumba Lisbon alikuwa Pessoa peke yake. Tendo hili liitwe kutenga lakabu, na mbinu yake utengaji wa lakabu. Kutenga ni kitenzi cha jikoni na cha shambani, kila mtu anacho.

Matumizi yenyewe hayahitaji maneno mengi. Kila lakabu na iwe na anwani yake ya barua pepe, nywila yake na picha zake, wala programu ya lakabu moja isiruhusiwe kusoma orodha ya namba zilizomo kwenye simu ya jina halisi, kwa sababu mitandao hutumia orodha hizo kuwapendekezea watu marafiki. Namba ya simu ni mtego mkubwa kuliko yote: Tanzania laini husajiliwa kwa kitambulisho cha taifa na alama za vidole, na anayeanza kukutumia fedha kwa simu huoneshwa jina lako kabla hajathibitisha. Ndiyo maana programu ya ujumbe ya Signal ilipoanza mwaka 2024 kuruhusu watu wawasiliane kwa jina la kujichagulia bila kuonyeshana namba, ilifunga tundu kubwa. Mtindo wa kuandika nao husaliti. Robert Galbraith alikuwa mwandishi mpya wa riwaya za upelelezi hadi mwaka 2013, gazeti la Uingereza lilipofichua kwamba ni J.K. Rowling, na wataalamu waliolinganisha maneno kwa kompyuta walikuwa miongoni mwa mashahidi.

Kwa wahariri, wafasiri na waandishi wa kanuni ambao hawajafungwa na kura ya jopo lolote, matumizi ni haya. Nomino ni lakabu, ngeli ya I-ZI, haibadiliki katika wingi. Kitenzi cha kuzipa taarifa lakabu ni kulakabisha, na mbinu ya kuziweka lakabu mbalimbali ni utengaji wa lakabu. Pasipo jina kabisa, iandikwe wazi "bila jina". "Utambulisho bandia" ubaki kwa anayejifanya mtu mwingine, na waliokichapa kile kijitabu wakisahihishe kabla ya toleo la pili.