Nani Anamlisha Mwanagenzi?

Mwaka nilipofanya atachimenti Nairobi nilikuwa na mashati mawili meupe na daftari la kuandika kazi ya kila siku. Kampuni siitaji. Kwa miezi mitatu nilipokea simu, nikapanga faili, nikapeleka barua benki kwa miguu, na Ijumaa nyingine nikabaki hadi saa mbili usiku kumalizia hesabu za watu waliokuwa wanalipwa. Mimi sikupewa hata nauli. Nilipouliza, mkuu wa wafanyakazi alinitazama kwa huruma, huruma ya kweli wala si ya kebehi, akasema, "Kijana, si bado uko kwa wazazi?"

Hakuniuliza nimefanya nini. Aliuliza nani ananilisha. Miaka baadaye, nikisoma historia ya kazi nchini, nilikutana na swali lile lile, ila sasa limevaa kofia ya mkoloni.

Hebu tuanze na kipande. Sheria ya mabwana na watumishi ya 1906 ilikuwa imeshafanya kutoroka kazini kuwa kosa la jinai. Kipande, kilichoanza kutumika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kikaongeza jambo: kiliandikwa mshahara ambao mtu alilipwa na mwajiri wake wa mwisho. Ukienda kuomba kazi mpya, bei yako unaibeba shingoni. Na bei yenyewe ilitoka wapi? Ilitoka kwenye dhana kwamba mfanyakazi Mwafrika ni mwanamume aliye peke yake mjini. Mke na watoto wako rizavu, wanalima, wanakula. Basi apewe cha kumtosha yeye tu: unga, blanketi, nafasi ya kulala katika chumba cha watu wengi. Huo ndio ulioitwa mshahara wa kapera. Jembe la mama kule nyumbani lilikuwa linamlipia mwajiri sehemu ya gharama zake, na mama hakuwahi kuulizwa.

Mombasa ilikataa. Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 waligoma, wa bandarini, wa reli, wa hotelini, hadi wapishi wa majumbani, mji ukasimama karibu wiki mbili. Chege Kibachia, aliyeongoza African Workers' Federation, alikamatwa mwaka huo huo na kuwekwa kizuizini. Lakini hoja haikuzuilika naye. Mwaka 1954, Mau Mau wakiwa bado msituni, kamati iliyoongozwa na kamishna wa kazi, F. W. Carpenter, iliandika yale ambayo kuli yeyote wa Kilindini angeweza kuiambia bure. Takriban nusu ya wafanyakazi wa mijini katika kampuni za kibinafsi, na robo hivi ya wale wa serikali, walilipwa chini ya mahitaji ya lazima ya maisha. Kamati ikapendekeza kuachana na mshahara wa kapera na kuelekea mshahara unaoweza kulisha familia. Sidhani serikali ilipata moyo mwema ghafla. Iliogopa. Hata hivyo kanuni ilikuwa imeshaandikwa: si halali kumpunguzia mtu ujira kwa sababu kuna mtu mwingine anayemlisha.

Nisije nikadanganya kwamba kujifunza kazi bila malipo kuliletwa na meli. Pwani, aliyetaka ufundi ndiye aliyetoa. Mjomba wangu alijifunza cherehani Mombasa, na alipohitimu alimpa fundi wake kilemba, ile zawadi ya kumshukuru mwalimu. Mshahara hakupata. Lakini alikula kwa fundi, akalala kwa fundi, na alipougua malaria mke wa fundi ndiye aliyemkorogea uji. Neno "mwanagenzi" lina "mwana" ndani yake, na mwana hulishwa. Ofisi yangu ilichukua nusu ya desturi hiyo, ile inayoipendelea ofisi.

Sheria nayo haikumsahau anayejifunza. Sheria ya Ajira ya 2007, pale inapoeleza mfanyakazi ni nani, inamtaja pamoja naye mwanagenzi aliyeandikishwa kwa mkataba wa mafunzo. Asiyetajwa ni intani, huyu kijana aliyekwisha kuhitimu, mwenye cheti, anayefanya kazi ya mtu mzima na kuambiwa anapata uzoefu. Kiswahili chetu cha Kenya kinawaita wote wawili wanagenzi. Kiingereza cha ofisini ndicho kilichowatenganisha, na kwenye ule mwanya katikati ndiko pesa zinakopotelea.

Tazama walimu. Tume ya Huduma za Walimu, TSC, iliajiri walimu wanagenzi kwa maelfu mwaka 2023: Sh20,000 kwa mwezi katika sekondari msingi, Sh15,000 katika shule ya msingi. Wakati huo kima cha chini cha mshahara kwa kibarua wa kawaida Nairobi kilikuwa Sh15,201.65, bila marupurupu ya nyumba. Simdharau kibarua, kima hicho kilipiganiwa, na hakimtoshi. Nauliza tu jinsi mwalimu aliyesomea na kusajiliwa alivyofika chini yake. Tarehe 17 Aprili 2024 Jaji Byram Ongaya wa Mahakama ya Ajira aliamua kwamba mpango huo ulikiuka haki yao ya kutendewa haki kazini. Mwezi uliofuata walimu walikuwa barabarani, na serikali ikaahidi kuwapa ajira ya kudumu kuanzia Januari 2025.

Madaktari walikuwa na silaha ambayo walimu hawa hawakuwa nayo: karatasi iliyotiwa sahihi. Mkataba wao wa pamoja wa 2017, uliopatikana baada ya mgomo wa siku 100, ulimpa daktari mwanagenzi Sh206,000. Mwaka 2024 serikali ilitaka kumlipa Sh70,000. Katika maandamano ya Februari 29, katibu mkuu wa KMPDU, Davji Atellah, alijeruhiwa kichwani kwa mkebe wa gesi ya kutoa machozi. Mgomo ulioanza Machi ulidumu siku 56 na ukaisha bila jambo hili kutatuliwa. Ni Desemba tu ndipo serikali ilipokubali kurudi kwenye kiwango cha 2017. Mwenye chama alipigwa akapata. Asiye na chama aliulizwa kuhusu wazazi wake.

Majuzi mpwa wangu alinipigia simu. Amepata nafasi ya mwanagenzi katika ofisi moja mjini, miezi sita, anatarajiwa saa mbili kamili kila asubuhi.

"Hongera sana, mama. Wanalipa ngapi?"

"Mjomba, wamesema watu-facilitate baadaye. Sasa nilikuwa nataka kukuuliza mambo ya fare."

Nilipiga hesabu kichwani: Kitengela hadi mjini, kwenda na kurudi, siku ishirini na mbili, na chapati ya mchana. Nikamtumia ya mwezi mmoja kwa Mpesa. Nilipobonyeza ile namba ya siri nilijiona nimeshika jembe, niko rizavu, nalima.