Cron Ni Nini? Mjue Msee wa Shifti ya Usiku Kwa Seva, na Ngori ya Saa Zake

Kuna zile mboka kompyuta inafaa kupiga kila siku na hakuna msee anataka kuamka kuzifanya: kutoa bakapu ya data, kufuta mafaili za kitambo, kutumia wateja SMS ya kuwakumbusha deni. Kwa seva za Linux, mwenye anashikilia hiyo shifti anaitwa cron. Si mgeni. Alikuwa ndani ya Unix Version 7 mwaka wa 1979, na cron yenye Paul Vixie aliandika 1987 ndiyo ilizaa nyingi zenye ziko kazini hadi leo.

Vile anafanya ni simpo. Kila dakika anaamka, anasoma orodha yako (inaitwa crontab), anacheki kama kuna kazi ya hiyo dakika. Ikiwa iko, anaipiga. Ikiwa hakuna, analala tena. Orodha unaifungua na komandi ya crontab -e, alafu unaandika mstari kama huu:

30 2 * * 1 /home/duka/bakapu.sh

Soma kutoka kushoto: dakika, saa, tarehe, mwezi, siku ya wiki. Nyota inamaanisha "yoyote". Jumapili ni 0, Jumatatu ni 1. Kwa hivyo hiyo bakapu inatoka kila Jumatatu saa nane na nusu usiku. Ukitaka kila dakika kumi, weka */10 pale kwa dakika.

Sasa hapo kwa saa ndio wasee wengi huchomeka. Sisi tunahesabu saa tukianza na asubuhi, cron anahesabu 0 hadi 23 akianzia saa sita usiku. Sema unataka SMS ifikie wateja saa tatu asubuhi. Ukiandika 3 juu kichwa inasema "saa tatu", mtu wa watu ataamshwa saa tisa usiku akiambiwa ako na deni. Manze, huyo hatalipa. Inafaa uandike 9.

Na bado hujafika. Seva nyingi za kukodisha mtandaoni zinakuja zikiwa kwa saa za UTC, na Kenya iko masaa matatu mbele. Hiyo 9 yako kwa seva ni saa sita mchana hapa Nairobi. Kwa hivyo unatoa tatu, unaandika 6. Fiti.

Lakini hii hesabu ya kutoa tatu inaweza kukuruka vibaya. Chukua programu ya kutoa bili za nyumba kila tarehe 1, saa sita na nusu usiku. Ukitoa masaa matatu unapata 21:30, alafu unaandika 30 21 1 * *. Noma ni kwamba 21:30 ya tarehe 1 kwa seva, huku kwetu tayari ni tarehe 2. Ulifaa kuandika siku ya mwisho ya mwezi uliopita, na hiyo ni 28, 29, 30 ama 31, cron hana namna rahisi ya kuisema. Mimi naona afadhali uachane na hesabu kabisa, ubadilishe saa ya seva yenyewe:

sudo timedatectl set-timezone Africa/Nairobi

Alafu uwashe cron upya ndio ashike saa mpya.

Kitu ingine: ukijaza tarehe na siku ya wiki pamoja, cron hangoji zote mbili zikutane. Ukiweka 13 na 5, kazi itapigwa kila tarehe 13 na pia kila Ijumaa.

Skripti ikifanya poa ukiwa umekaa hapo lakini cron ashindwe, mara nyingi ni njia ya faili. Cron hajui mafolda zako zote, mpe njia yote kuanzia /. Malizia mstari na >> /home/duka/cron.log 2>&1 ndio makosa ziandikwe mahali utaziona.

Stima ikipotea saa ya kazi, cron harudi kuifanya. Kwa mashine ya kuzimwa zimwa tumia anacron. Na uangalie vidole: crontab -r inafuta orodha yote bila kukuuliza, na hiyo r imekaa kando ya e kwa kibodi.